Dunia Imeinama Upande wa Maktaba

Benchi letu liko mbele ya karakana ya kujalidi vitabu, pale barabara ya lami inapokutana na ya changarawe. Wanaokaa hapo kila asubuhi ni watano, nami ni wa sita, na inafaa niwataje sawasawa kwa sababu majina yao hupotosha. Mwenye karakana anaitwa Gundi, na hilo ni jina halali, maana kucha zake hazijawahi kuwa safi tangu nimfahamu. Volti si fundi umeme. Ni fundi simu. Asilimia anashona viatu, na hawezi kusema mvua imenyesha bila kutaja imenyesha kwa kiasi gani katika mia. Methali ni seremala. Jina hilo alijipa mwenyewe, na methali anazotumia huwa sahihi kila neno, ila hazijawahi kuhusiana na jambo linalozungumzwa. Shangazi, mwenye birika la kahawa, ni shangazi wa Volti kwa damu na wa wengine wote kwa adabu. Mimi huitwa Karani, kwa kuwa nilikaa masjala miaka thelathini na mmoja. Siku ninayoieleza ilikuwa Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, Gundi alipotoka ndani ameshika barua kama mtu aliyemshika panya mkia.

Gundi: Karani, hebu nisomee. Mimi nimeisoma mara mbili na mara zote imesema jambo lile lile.

Niliisoma kwa sauti. Ilitoka katika shule ya sekondari iliyo juu ya kilima, ambayo siku hizi ndiyo pekee inayompa Gundi kazi. Ilisema kwamba kuanzia Jumatatu wanafunzi watasomea vishikwambi, kwa kuwa vitabu vya karatasi hula miti na kuharibu mazingira. Kwamba furushi la vitabu sita lililofuatana na barua lisiguswe mpaka ijulikane hatima yake. Na kwamba fundi akiwa na hoja ya kupinga, aiandike, isizidi ukurasa mmoja. Mtu angekuja kuichukua kabla ya saa sita mchana siku hiyo hiyo.

Asilimia: Kwa hiyo kazi imekwisha.

Gundi: Imekwisha. Na ikiisha nafunga karakana, nahamia kwa binti yangu.

Shangazi: Sasa si heri? Binti ana nyumba kubwa, ina veranda.

Gundi: Nyumba ni ya mumewe. Shangazi, nikale kwa mkwe? Niamke alfajiri nisubiri mkwe aamke ndipo nikohoe?

Mkwe huyo tunamjua. Ni mtu mwema, mpole, mwenye kusisitiza mgeni aongezewe nyama, na hilo ndilo linalotisha.

Volti: Lakini Fundi, usikasirike. Barua imesema kweli. Kitabu ni mti uliouawa.

Methali: Mbona unanitazama mimi?

Volti: Sijakutazama.

Methali: Kila likitajwa neno mti kwenye benchi hili, macho yote kwangu. Sikilizeni. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Maana yake mti ulipokatwa, seremala hakuwepo. Nina ushahidi wa wahenga!

Gundi: Hakuna aliyekushtaki! Mimi ndiye niliyeshtakiwa. Karani ana mwandiko mzuri. Nyinyi mna midomo. Semeni, yeye aandike, saa sita barua iwe tayari.

Alinipa karatasi kutoka ndani. Nikapiga mstari wa pambizo, nikaandika tarehe, nikasubiri.

Volti alikuwa na kishikwambi cha mteja, ambacho yeye hukiita tableti, kimeletwa kubadilishwa kioo. Alikiinua juu kama mwamuzi anayeonyesha kadi.

Volti: Humu ndani mna vitabu elfu tatu. Elfu tatu! Na hakuna hata tawi lililovunjika.

Asilimia: Elfu tatu, na chembamba hivyo? Haiwezekani. Kitu kikijaa lazima kizidi uzito. Gunia likijaa linazidi. Tumbo likijaa linazidi asilimia sita, nimejipima mwenyewe.

Volti: Hakizidi hata kidogo.

Asilimia: Tupime. Shangazi, mizani yako ya sukari.

Shangazi alitoa mizani, akaifuta kwanza kwa upindo wa kanga. Kishikwambi kikawekwa. Kilikuwa na gramu mia nne na tisini. Kisha, ili jaribio liwe la haki, Volti akafuta vitabu vyote elfu tatu.

Gundi: Wewe! Si vya mteja hivyo?

Volti: Vitarudi.

Gundi: Vitarudi lini?

Volti: Akivihitaji. Kama ni msomaji kweli atanung'unika, kama si msomaji hatajua. Tulia, hii ni sayansi.

Kikapimwa tena. Gramu mia nne na tisini. Asilimia aliinama akaitazama mizani upande huu na upande ule, kisha akaketi taratibu kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Asilimia: Basi maneno hayana uzito.

Shangazi: Kumbe! Sasa nimeelewa mnavyoweza kukaa nayo hapa kutwa nzima bila kuchoka.

Asilimia: Subiri. Tupime na kitabu.

Gundi alifungua furushi, ingawa barua ilimkataza, akatoa kitabu cha juu. Kilikuwa hakina jalada, wala ukurasa wa jina, na mgongo wake ulionyesha nyuzi. Gramu mia mbili na themanini.

Asilimia: Maneno hayana uzito, sivyo? Kwa hiyo gramu zote hizi ni mti. Kitabu ni mti asilimia mia moja!

Gundi: Uko upande wangu au upande wa barua?

Asilimia: Niko upande wa hesabu.

Gundi: Hesabu! Hiki nimekishona mara tatu. Kila kikichanika wanakileta, nakishona, kinarudi darasani. Nyuma kuna orodha ya walioazima. Karani, hesabu.

Nilihesabu majina sabini na matatu, la kwanza likiwa limeandikwa kwa kalamu ya kuchovya. Niliona kwamba hapo palikuwa na jambo, nikaandika: "Mti mmoja mdogo umesomwa na watu sabini na watatu." Asilimia akachungulia begani kwangu.

Asilimia: Ondoa hiyo, Mzee Karani. Haina asilimia ndani yake.

Nikachukua karatasi ya pili.

Shangazi: We Volti, mbona chombo chako kina moto? Nimekigusa kidogo tu, nimedhani nimegusa jiko.

Volti: Kinafanya kazi, Shangazi. Kikifanya kazi kinapata joto.

Shangazi: Na mazingira hayapati joto?

Volti: Kidogo tu. Joto kubwa liko kule vitabu vinakotunzwa. Kuna majumba makubwa yamejaa mashine, nchi za mbali. Mashine zinapulizwa upepo, zinapozwa kwa maji, mchana na usiku, ili wewe hapa ukigusa, ukurasa uje.

Shangazi: Yaani mtu kalala kitandani anasoma hadithi, na huko ng'ambo kuna feni inapepea kwa ajili yake?

Volti: Ndivyo.

Shangazi: Mume wangu marehemu alikuwa anataka vivyo hivyo. Hakusoma hata gazeti.

Methali: Nisemeje? Kikulacho ki nguoni mwako. Feni lazima ifuliwe.

Hilo pia niliandika. Shangazi hakungoja. Alinyakua kishikwambi, akakilaza kwenye ubao wa benchi, akaweka birika juu yake.

Volti: Shangazi! Kioo!

Shangazi: Kioo si kimeshavunjika ndiyo maana kimeletwa? Kama kitabu chenu kinatoa joto, kipashe kahawa. Nitaokoa mkaa. Mkaa nao ni mti, au huo haukuuawa?

Methali: Mkaa mimi sikuukata.

Asilimia: Ngoja, ngoja. Hii ni hoja kubwa. Kila mtu mjini akisoma huku anapika, tutaokoa mkaa asilimia arobaini. Mama anasoma, sufuria iko juu ya sura ya kwanza, mpaka hadithi iishe maharage yameiva.

Gundi: Na hadithi ikiwa fupi?

Asilimia: Mnakula maharage mabichi. Ndiyo maana lazima waandishi waandike marefu.

Nilikuwa naandika. Gundi akaona.

Gundi: Karani, unaandika hoja za nani? Hizo si za kuniua?

— Ninaandika yote yanayosemwa, nikamwambia. Masjala haichagui.

Tulilisubiri birika dakika kumi na mbili. Hakuna aliyesema neno, isipokuwa Methali aliyesema mchumia juani hulia kivulini, akaambiwa anyamaze. Mwishowe Shangazi akatia kidole kwenye kahawa, na wakati huo huo kishikwambi kikawa cheusi tii.

Gundi: Kimekufa?

Volti: Chaji imekwisha.

Shangazi: Na kahawa imepoa kuliko nilivyoiweka. Kimeninyonya joto, mwanaharamu huyu.

Methali: Asiyejua kufa atazame kaburi! Hapo ndipo ulipo ukweli. Tuvizike vyote viwili, tuone ardhi itapokea kipi.

Volti alikumbatia kishikwambi cha mteja, Gundi akakumbatia kitabu cha shule. Baada ya mabishano yaliyokula karatasi tatu zaidi, walikubaliana vizikwe vitu vya kuwakilisha: kava la plastiki la simu kwa upande mmoja, na mojawapo ya kurasa zangu zilizoharibika kwa upande mwingine. Methali alichimba mashimo mawili kando ya benchi kwa patasi. Asilimia akayamwagia machicha ya kahawa, akisema ni ya kuharakisha. Wakangoja dakika tano kwa saa yangu, kisha wakafukua.

Asilimia: Kava halijaoza. Sifuri.

Gundi: Na karatasi?

Asilimia: Karatasi nayo sifuri. Imelowa tu. Sare.

Gundi: Sare! Kazi yangu inakufa, nyinyi mnaniletea sare!

Alikaa kwenye ukingo wa benchi, mikono katikati ya magoti. Ilikuwa saa tano kasorobo. Nadhani Asilimia alimhurumia, kwa sababu aliinuka akasimama mbele yetu sote, jambo ambalo hulifanya tu akiwa na nadharia.

Asilimia: Nimelipata. Sikilizeni vizuri, maana sitarudia. Hapo zamani miti ilikuwa imeenea dunia nzima sawasawa, sivyo? Huku msitu, kule msitu. Dunia imetulia kama sinia kichwani kwa mchuuzi. Wakaja watu wakaikata, wakaifanya vitabu. Wakaviweka wapi?

Volti: Kwenye maktaba.

Asilimia: Maktaba ziko wapi?

Volti: Mijini.

Asilimia: Miji mikubwa yenye maktaba kubwa kubwa iko wapi? Iko upande mmoja! Uzito wa misitu yote umerundikwa upande mmoja. Kwa hiyo dunia imeinama. Imeinama upande wa maktaba. Ndiyo maana mvua inachelewa: inateleza.

Kisha Methali akasimama, ametoa macho.

Methali: Ndiyo maana milango yangu haifungi!

Shangazi: Milango yako?

Methali: Miaka ishirini watu wananitukana. Seremala gani wewe, mlango unakwaruza chini, juu pana nafasi ya paka kupita. Natumia pimamaji, naona pembe iko sawa, naondoka, kesho wananiita. Kumbe mlango hauna kosa! Dunia ndiyo iliyoinama!

Volti: Basi tuhamie tableti, vitabu vipungue, dunia inyooke. Milango yako itafunga.

Methali alifungua kinywa akubali, kisha akakifunga. Nilimwona akihesabu kwa vidole.

Methali: Hapana. Hapana! Milango yote niliyoipachika niliipachika dunia ikiwa imeinama. Ikinyooka ghafla, yote itapinda kwa mkupuo mmoja. Mji mzima utanifuata nyumbani. Fundi Gundi, vitabu vibaki! Jalidi, ndugu yangu, jalidi kwa majalada mazito!

Gundi: Angalau nimepata mmoja.

Volti: Mmetambua kitu lakini? Mzee Karani ameshatumia karatasi kumi na moja kutetea karatasi.

Nilizihesabu. Zilikuwa kumi na moja pamoja na iliyozikwa. Nikachukua ya kumi na mbili kwa ajili ya nakala safi, nikaandika kwa mwandiko wa kusimama, bila kufuta hata herufi. Saa tano na nusu nikawasomea.

"Kwa Mkuu wa Shule. Kuhusu barua yako ya leo. Moja, imepimwa na kuthibitika kwamba maneno hayana uzito. Mbili, mti ulipokatwa, seremala hakuwepo. Tatu, kishikwambi hakiwezi kupasha kahawa. Nne, ardhi ilipewa nafasi ya kuchagua, ikakataa vyote viwili. Tano, dunia imeinama upande wa maktaba, na kuinyoosha ghafla kutaleta madhara kwa milango. Kwa hiyo fundi anaomba aendelee kujalidi."

Asilimia: Safi sana. Hapo hawana pa kutokea.

Shangazi: Gundi, unaonaje?

Gundi: Naona veranda ya mkwe wangu.

— Na hiki kinahusu nini?

Sauti hiyo haikuwa ya yeyote kati yetu. Nyuma ya benchi alikuwa amesimama mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, ana mkoba mkubwa begani na kikombe cha kahawa ambacho sikuwa nimeona akipewa. Mkononi alishika kile kitabu kisicho na jalada.

Shangazi: Karibu ukae, mwanangu. Kahawa imepoa, kuna mtu aliipika juu ya kioo.

— Ahsante, Shangazi. Nimesimama muda, nimesikia tangu mvua ilipoanza kuteleza. Nauliza tu, hiki kitabu kinahusu nini?

Asilimia: Kina gramu mia mbili na themanini.

— Sikuuliza uzito.

Volti: Kimesomwa na watu sabini na watatu.

— Hao siwaoni hapa. Nimewauliza nyinyi.

Gundi: Kina kurasa mia mbili na kumi na mbili. Mikunjo kumi na mitatu ya kurasa kumi na sita, na mmoja mdogo wa nne. Uzi wa kitani. Mshono wa pili nilitumia sindano iliyopinda, ukitazama utaona.

— Mshono wa pili? Kumbe umekishona zaidi ya mara moja. Basi wewe umekisoma.

Gundi aliangalia vidole vyake.

Gundi: Hapana, dada. Aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja: tazama namba za kurasa, usitazame maneno. Fundi akianza kusoma, gundi inakauka kwenye brashi. Nimejalidi miaka thelathini na minane. Sijawahi kusoma sentensi mpaka nukta.

— Hata moja?

Gundi: Moja iliwahi kunikamata. Nikaharibu Biblia ya mtu.

Methali: Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Aliisema kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemcheka.

Mwanamke yule akasema yeye ndiye mwalimu mpya wa maktaba, ametumwa kuchukua barua. Sote tulisimama tukamwamkia upya, kwa adabu iliyochelewa. Aliisoma barua yangu yote. Kwenye hoja ya tano alirudia.

— Mwandiko mzuri, akasema. Lakini wazee wangu, Mkuu hataisoma hii. Wala nyingine yoyote. Vishikwambi vimeshalipiwa, vinashuka Jumatatu. Mazingira yaliwekwa kwenye barua kwa sababu barua inahitaji sababu.

Gundi: Kwa hiyo ndiyo basi.

— Nimeomba rafu moja, nikapewa. Vitabu vitakavyokaa hapo vitatunzwa, vitashonwa kila muhula, na vitakuja kwako, hakuna fundi mwingine. Vilivyobaki vitakwenda kiwandani vikafanywe trei za mayai. Ni vitabu elfu mbili, siwezi kuvisoma vyote kufikia Jumatatu. Kwa hiyo kila ninayekutana naye namwuliza swali hilo moja. Akinijibu, kitabu kinapanda rafuni.

Asilimia: Na rafu imejaa asilimia ngapi?

— Nimeuliza walimu kumi na wanane. Mpaka leo ina kitabu kimoja, cha hesabu. Kiliandikwa na shemeji yake Mkuu. Na Mkuu amesema Jumatatu akiikuta rafu ina hicho kimoja tu ataweka chaja hapo.

Alimaliza kahawa yake, akashukuru.

— Hivi sita navyo viko kwenye orodha. Naenda posta, nitapita hapa saa nane.

Akaondoka. Tulimtazama mpaka akavuka lami. Kisha Shangazi akafanya jambo ambalo sikulitarajia: alivuta furushi, akatugawia vitabu kama anayegawa vikombe, mmoja mmoja, bila kutuuliza. Volti alipata cha ufugaji wa kuku. Methali alipata cha mwili wa binadamu. Asilimia alipewa cha hadithi za wafalme. Mimi nilipewa cha ndege, na Shangazi mwenyewe akabaki na cha adabu za mezani. Kile kisicho na jalada alimwekea Gundi mapajani.

Gundi: Mimi siwezi. Macho yangu yanakwenda kwenye namba yenyewe.

Shangazi: Ziba namba kwa kidole gumba. Soma.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Mwanzoni walisumbua.

Volti: Mnajua kuku hana meno?

Shangazi: Umesoma kurasa ngapi kujua hilo?

Volti: Kumi na moja. Lakini sikilizeni, anameza vijiwe, ndivyo vinavyomsagia ndani! Ana mashine ya kusaga tumboni, haihitaji chaji!

Methali: Mimi nina mifupa mia mbili na sita. Mia mbili na sita, na sikuwahi kuambiwa na mtu.

Shangazi: Hapa pameandikwa kikombe hushikwa kwa vidole vitatu. Asilimia, wewe unakishika kama nyundo.

Asilimia aliinamia kitabu. Mfalme wake wa kwanza alikuwa ametoka usiku amejigeuza ombaomba, na walinzi wake mwenyewe walikuwa wamemkamata. Baada ya hapo sauti zilipungua moja baada ya nyingine. Mteja mmoja alikuja akaomba kahawa. Shangazi akamwambia ajimiminie, akafungua ukurasa. Mteja wa simu alikuja akasimama mbele ya Volti, akakohoa, akaondoka. Sikumbuki benchi lile likiwa kimya namna ile, isipokuwa siku za mazishi, na hata hizo Methali huwa na la kusema. Kitabu changu kilikuwa kizuri, ingawa kilikosea majina ya ndege wawili, nikayasahihisha pembeni kwa penseli.

Gundi alikuwa akisoma kwa kidole. Kidole kilisimama chini ya kila neno, kikasogea, kikasimama. Kila alipofika nukta alivuta pumzi kama mtu aliyevuka mfereji. Kwenye ukurasa wa kwanza alinuna. Ukurasa wa tisa alisema "Ala!" peke yake. Kisha nikaona kidole kimeanza kwenda upesi, na baadaye nikaona hakitumii tena.

Mwalimu alirudi saa nane na dakika tano. Alisimama pale pale aliposimama asubuhi, na hakuna aliyemsalimu. Ikabidi agonge benchi.

Waliamka kwa pamoja, wakajibu kwa pamoja. Volti alieleza kuku kwa kutumia tumbo lake mwenyewe. Methali aliinua mkono akaanza kutaja mifupa kutoka kwenye kiganja kwenda juu, na ikabidi ashikwe alipofika bega. Asilimia alisema asilimia themanini ya wafalme humo ni wajinga, na wale ishirini wengine walikuwa na wake wenye akili. Shangazi alimkaribisha kwa vidole vitatu. Mimi nilimpa kitabu cha ndege na orodha ya masahihisho. Mwalimu alikuwa ametoa karatasi yake, anaandika: hiki kibaki, hiki kibaki, hiki kibaki.

— Na hicho kisicho na jalada, Fundi? Kinahusu nini?

Gundi aliinua kiganja, kama mtu anayezuia gari, bila kuinua macho.

Shangazi: Gundi! Mwalimu anakuuliza! Jibu, mwanamume, unataka kwenda kwa mkwe?

Gundi: Kuna mama hapa amejifungia ndani ya nyumba yake siku nne. Watu wamejaa uani. Anajua aliye mlangoni ni nani, na yeye aliye mlangoni hajui kama mama anajua.

— Halafu?

Gundi aliinua uso sasa. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa gundi au kwa jambo lingine, siwezi kusema.

Gundi: Mwalimu, nikikwambia hutakisoma.

Mwalimu alinyoosha mkono akichukue. Gundi akakivuta kifuani.

Gundi: Nimalize kwanza.

Mwalimu alibaki na mkono hewani kwa muda. Kisha akauteremsha, akaiweka karatasi yake kwenye ubao wa benchi, akaandika mstari mmoja ambao niliusoma nilipokaa: "Kile kisicho na jalada: kibaki, kijalidiwe na fundi huyu." Alimsomea Gundi mstari huo kwa sauti, taratibu, ili ajue kwamba unamhusu.

Gundi hakusikia. Alikuwa amegeuza ukurasa.